Fundi Aliyetulazimisha Kulia Kama Ampli

Nyie vijana mnaopita hapa sokoni Kashaulili na vispika vyenu vya mfukoni vinavyolia kama nzi ndani ya kopo, hebu simameni kidogo. Nataka niwaambie habari za mtu mmoja. Jina lake silitaji, kwa sababu mwenyewe hapendi, na hata mke wake anamwita kama tunavyomwita sisi wote: Fundi. Ukipanda bodaboda pale stesheni ya treni ukasema "kwa Fundi", dereva hakuulizi fundi gani. Amezaliwa wapi na ukoo wake ni upi, hayo hayanihusu. Nitasema niliyoyaona na niliyoyasikia. Nikicheka katikati mnivumilie. Nimejaribu kumsimulia mtu huyu nikiwa nimenuna nikashindwa, na mimi kununa ninakujua.

Kazi yake ni ampli za gitaa. Si zote. Anazozijua ni zile za zamani za transista, zenye kava jeusi la plastiki, wavu mbele, na nyuma vile vikofia vya chuma, ndizo transista zenyewe, vilivyofungwa juu ya bati nene lenye mbavu. Zilikuja Mpanda kwa treni pamoja na bendi za dansi. Bendi zikafa, wapigaji wakazeeka, ampli zikabaki, na moja baada ya nyingine zikaingia kanisani. Ukweli ndio huo: ampli nyingi za kwaya hapa kwetu zilikuwa baa kabla ya kuokoka. Ya kwaya yetu ya Misunkumilo ikipata moto inatoa harufu ya sigara mpaka leo, na hakuna maombi yaliyowahi kuiondoa.

Ampli hiyo inalala kwangu. Mume wangu ndiye alikuwa anapiga gitaa la solo, na alipofariki kwaya ikaniachia mimi kutunza vyombo, kwa sababu chumba cha kanisani kinavuja, na kwa sababu nyumbani kwangu hakuna mtu anayegusa kitu bila ruhusa. Fundi alikuwa rafiki wa marehemu. Ndiyo maana ananiita shemeji.

Miaka yote alifanyia kazi kwenye baraza la duka la vipuri vya baiskeli. Mwenye duka alimwachia ile kona kwa mapenzi tu. Fundi haogopi umeme, haogopi wachungaji, haogopi hata mimi, lakini kitu kimoja kilikuwa kinamnyima raha: siku ya kuambiwa aondoke pale. Nyumbani hawezi kufanyia kazi, mke wake ana kifua, moshi wa kuyeyusha solda unamkohoza mpaka machozi. Na ofisi yenyewe si ya kubeba kwenye mfuko. Nyuma ya kiti chake palikuwa na rundo la ampli zilizokufa, limepanda mpaka dari. Ukiliita takataka anakufukuza.

"Hawa wanachangia damu," alikuwa anasema. Vipuri vya ampli zile havitengenezwi tena, havipo dukani hapa wala Tabora. Ukitaka transista ya kumponya mgonjwa, unaitoa kwa aliyekufa. "Shemeji, siku rundo hili likiondoka, ampli zote za Katavi zinakuwa makabati ya kuwekea vikombe." Alikuwa anasema hivyo huku analipapasa, kama mtu anayepapasa ng'ombe wake.

Sasa nianze na aibu aliyonipa.

Mara ya kwanza kumpelekea ampli, sikujua desturi yake. Nikaitua mezani, nikafuta jasho.

"Imekuwaje?" akauliza.

"Imeharibika."

"Hiyo naiona, ingekuwa nzima ungekuwa kwaya. Ilikuwa inaliaje?"

"Ilikuwa inanguruma."

"Usinisimulie. Lia."

"Nilie nini?"

"Lia kama yenyewe, shemeji."

Nikatazama kushoto, nikatazama kulia. Ng'ambo ya njia alikuwepo mama muuza dagaa, na wateja wake, na vijana wa bajaji wamekaa wanangoja abiria. Mimi mtu mzima, mjane, nimevaa kitenge cha kwaya.

"Mmm," nikasema kidogo.

"Hiyo ni mbu. Mbu hajanisumbua. Toa kifuani."

"Mmmmmm."

"Shemeji, unaogopa nani? Hawa? Hawa wenyewe wameshalia hapa."

Nikakasirika. Nikafumba macho nikanguruma kama ng'ombe anayeona radi: "MMMMMMMMMM!" Mama wa dagaa akamwaga kopo lake la kupimia. Fundi alikuwa ameinamisha kichwa, anasikiliza kama daktari aliyeshika kifua cha mtu.

"Ukipunguza sauti mpaka mwisho, inaendelea?"

"Inaendelea."

"Basi gitaa halina kosa. Kapasita za pawa zimekauka." Akageuza ampli, akanionyesha vikopo viwili virefu, kimoja kimevimba kichwani. "Umeme wa ukutani unakuja unarukaruka, unapanda unashuka. Hivi ni mitungi. Vinapokea maji yanayorushwa, vinatoa maji yaliyotulia. Mtungi ukipasuka, ile rukaruka yote inaingia kwenye spika. Ndiyo hiyo uliyolia. Umelia vizuri."

Mimi niliyeacha shule mapema nikaelewa siku ile ile, na nilikuwa sijaomba nielezwe.

Basi hivyo ndivyo alivyokuwa. Hafungui kitu mpaka mwenyewe alie. Kra-kra-kra unapozungusha kitufe cha sauti: vumbi, hata hachukui bisibisi, anapulizia dawa na kukuambia uondoke. Ikiimba vizuri ukipiga taratibu, halafu ukikaza inakoroma kama mlevi aliyelala chali: hapo transista moja ya pale mwisho, karibu na spika, imekufa. Hizo, alinifundisha, zinafanya kazi kwa jozi. Moja inasukuma spika, nyingine inaivuta. Ni kama wanawake wawili wanaotwanga kinu kimoja kwa zamu. Mmoja akiacha, mwenzake anaendelea peke yake, ila mdundo unachechemea, na usipomzuia anaumia na yeye.

Mchungaji wetu, mtu mwenye heshima zake, alikataa kulia. Akasema ataandika kwenye karatasi. Fundi akamwambia, "Mchungaji, karatasi haina sauti." Wakatazamana. Mwishowe mchungaji akavua miwani, akaikunja, akaiweka mfukoni, akatoa mlio mmoja wa prrrrrrf, mrefu, wa uaminifu, mpaka vijana wa bajaji wakapiga makofi. Ilikuwa karatasi ya spika imechanika. Jumapili iliyofuata alipopanda madhabahuni, watu wa nyuma hawakuweza kumwangalia, na mimi niliwakazia macho huku nimejiuma ulimi.

Lakini waliotia fora ni wafugaji wa Kisukuma. Walikuja na ampli ya kwaya yao kutoka huko walikohamia na ng'ombe, kwaya nzima nyuma ya lori, maana hakuna aliyekubali kubaki. Fundi akasema, "Haya, lieni." Wakajipanga. Wanawake wa sauti ya kwanza wakashika ule mlio wa ssssss, wanaume wa besi wakashika ule wa mmmmm, wa katikati wakaweka kra-kra, na kiongozi akawa anawapungia mkono. Walilia vizuri sana. Watu wakatoka mpaka kwenye maduka ya nguo. Fundi akakaa mdomo wazi.

"Nyie," akasema, "mmeniletea ugonjwa au wimbo?"

"Fundi, tuanze ubeti wa pili?" akauliza kiongozi.

Maneno ya Fundi yalikuwa hivyo, makali. Kwa watu hana adabu kabisa. Mtu akimwambia "ina kitatizo kidogo tu", anamjibu, "Basi wewe una kiakili kidogo tu, acha niangalie." Kwa ampli sasa, utasema anaongea na mkwe. "Samahani, nakufungua." "Vumilia, nakushika mgongoni." Anafungua skrubu anazipanga mezani kwenye kifuniko cha chupa ya chai, kila moja mahali pake, na shati lake mwenyewe limetobolewa na solda kama chujio.

Tena, hapendi kelele. Mtu anayetengeneza ampli za gitaa, akija kanisani anaweka pamba masikioni kabla kwaya haijasimama. Nilimuuliza. Akasema, "Shemeji, daktari wa meno anapenda kung'atwa?" Na kupiga gitaa hajui. Anajua wimbo mmoja wa kujaribia ampli, nusu yake, ule mwanzo, na kila mara anakosea pale pale. Ampli ikilia lile kosa vizuri, anajua imepona.

Kuna habari ya globu. Ampli aliyomaliza kuitengeneza haiwashi moja kwa moja. Anaipitishia umeme kwenye globu ya zamani, ile ya waya unaowaka njano, si hizi nyeupe mnazotumia. Ndani ya ampli kukiwa na kosa, umeme unavutwa kwa nguvu, globu inawaka kali, na ampli inapona kuungua. Kukiwa hakuna kosa, globu inashtuka mara moja halafu inafifia. Watu wa soko walikuwa wanaacha biashara kuja kuangalia globu. "Imefifia?" "Bado." "Inafifia?" "Inafifia!" Wanapiga vigelegele, wengine hawajawahi kushika gitaa maishani. Globu zenyewe sasa hazipatikani, kwa hiyo popote Mpanda mtu alipobadilisha taa, mama wa dagaa alikuwa anaziomba na kuzileta zimefungwa kwenye gazeti kama mayai.

Nisiwasahau akina mama wenzangu. Ampli yetu ilianza tabia ya kufa katikati ya ibada. Inaimba nyimbo mbili, inanyamaza. Ikipumzika inafufuka. Fundi aliifungua, akaifunga, haoni kosa. Akaitengeneza akairudisha, Jumapili ikafa tena. Akasema, "Basi nakuja kuiona inapoishi."

Akaja, na pamba zake. Akaizunguka ampli mara mbili. Mnajua sisi tunavyofanya kitu cha thamani ndani ya nyumba, redio, televisheni, hata friji: tunakifunika kitambaa cha kufuma. Na mwenyekiti wetu wa kwaya alikuwa ameifumia ampli kitambaa kizuri, cha waridi, chenye maua na pindo la kuning'inia, kimefunika juu, kimeshuka nyuma, kimezifunika mbavu za bati zote.

"Nani amefuma hiki?" akauliza kwa upole, na upole wake ulitutia hofu.

"Mimi," akasema mwenyekiti, anatabasamu.

"Mama, ni kizuri. Sasa sikiliza. Zile mbavu ndizo zinatoa joto la transista. Wewe umemwona mtu ana homa ya arobaini, ukamvalisha koti, ukamwambia aimbe soprano."

Mwenyekiti akashika mdomo. Halafu akaanza kucheka, tukacheka wote, mpaka mchungaji akatuma mtu kuuliza kuna nini. Kitambaa kikahamishiwa kwenye kinanda, ambacho kilikuwa kimekufa zamani, hakikuhitaji kupoa. Na Fundi akatengeneza ampli nyingine za makanisa kadhaa kwa kuwaambia tu wavue nguo. Alisema hayo kwa sauti kubwa sokoni, "Mwambieni avue nguo, atapona!", na ilibidi nimkataze.

Ngurumo ya mhubiri pia nisiiache. Ndani ya ampli yetu kuna kisanduku cha springi, kinachofanya gitaa lisikike kama liko ndani ya pango. Ukiigonga ampli ikiwa imewashwa, zile springi zinagongana, na spika inatoa radi, GWARARARAAA. Fundi alituonya. Lakini mhubiri mgeni hakuwepo tulipoonywa. Alikuwa anahubiri habari za hukumu, anarudi nyuma nyuma kwa hisia, na aliposema "Naye atashuka!" kisigino chake kikapiga ampli. Waliopiga magoti siku ile walikuwa wengi kuliko siku zote, na wa kwanza alikuwa mhubiri. Nilipompa Fundi habari hiyo alilaza kichwa mezani kati ya skrubu zake akacheka mpaka akakwama, na alipoinuka alikuwa na skrubu moja imeganda shavuni.

Sasa nifike nilikokuwa nakwenda.

Mwaka huu mvua zilipokuwa zinaisha, ampli ilianza kukoroma. Nikaipakia kwenye bajaji nikaenda Kashaulili. Nikakuta meza yake imekunjwa. Rundo lote limeteremshwa chini, barazani patupu, na jamaa mmoja wa chuma chakavu anafunga mizani yake kwenye boriti. Fundi amekaa kwenye kigoda, mikono juu ya magoti. Sijawahi kumwona mikono ikiwa haina kitu.

Siku aliyoiogopa ilikuwa imefika. Mwenye duka amezeeka, mtoto wake ndiye ameshika duka, na anataka kuweka dirisha la kutuma pesa pale kwenye kona. Kijana mwenyewe ni mpole. Alimwambia kwa heshima zote na akampa muda. Simlaumu. Lakini heshima haikuifanya kona iwe kona mbili.

"Shemeji, umechelewa," Fundi akasema. "Nimefunga."

"Umefunga nini? Nimekuja na mgonjwa."

"Mpeleke kwingine."

"Wapi?"

Kwingine hakuna, yeye anajua na mimi najua.

"Na wewe utafanya nini?"

"Nitakaa nyumbani."

"Wewe? Ukae? Ulishawahi?"

Jamaa wa chakavu akanyanyua ampli ya kwanza, akaitundika kwenye ndoano ya mizani. Bati likalia. Fundi akafumba macho kama mtu anayesubiri sindano. Nilitazama uso ule, na miguu yangu ikaenda yenyewe. Nikapanda juu ya lile rundo, nikakaa, nikapanga kitenge changu vizuri.

"Mama, naomba upishe, napima," akasema yule jamaa.

"Pima."

"Siwezi kupima wakati umekaa."

"Kwa nini? Mimi si chakavu?"

"Mpime, kaka!" mama wa dagaa akapaza sauti kutoka ng'ambo. "Huyo ni chuma tupu, hana hata kutu!"

Soko likacheka. Jamaa akakuna kichwa. "Mama, hii ni biashara."

"Hii ni hospitali. Shusha hiyo uliyoitundika, na uishushe taratibu."

Alimtazama Fundi, akanitazama mimi, akaona atakaa pale mpaka jua lizame. Akaishusha. Taratibu kweli, namshukuru. Akafungua mizani yake akasema atanunua kwingine mabati yasiyo na bibi juu yake.

Fundi akasogea, akaniambia chini chini, "Shemeji, umezuia, sawa. Sasa zinakwenda wapi?"

"Kwangu."

"Kwako! Watu watasema nini? Wewe mjane, mimi mzee wa watu."

"Watasema Fundi amehamia kwa mtunza vyombo. Wakimaliza kusema wataleta ampli zao."

"Na mke wangu?"

Nikatoa simu nikampigia mke wake hapo hapo, nikaweka sauti kubwa wote wasikie. "Mama, nakuchukulia mume."

"Mchukue!" akajibu bila kupumua. "Mchukue asubuhi, jioni nirudishie. Tangu juzi yuko hapa ndani, amenifungulia redio yangu, na ilikuwa nzima!"

Hapo Fundi akacheka. Alianza kidogo, halafu mabega yakaanza kutikisika, halafu ikabidi ashike boriti. Vijana wa bajaji walikuwa wameshaanza kupakia bila kuambiwa, na yule kijana wa dukani mwenyewe akatoka akabeba zile nzito. Tulitoka Kashaulili kama msafara wa harusi, bajaji moja nyuma ya nyingine, honi juu, Fundi mbele amepakata mita yake ya kupimia umeme kama bibi harusi aliyepakata maua, na mimi nyuma yake nimekumbatia ampli ya kwaya.

Nyumbani walitoka wote, binti yangu, mkwe wangu, wajukuu, wakasimama mlangoni wanaangalia bajaji zinavyoingia uani. Binti yangu akahesabu kwa macho, akachoka.

"Mama, hizi zote zinakaa wapi? Stoo imejaa mahindi."

Nikachungulia sebuleni. Makochi mapya, waliyoninunulia wenyewe, bado yana nailoni ya dukani. Fundi alikuwa amesimama nyuma yangu, amekumbatia mita yake, hathubutu kuingia wala kuondoka.

Nikawaambia: "Toeni makochi. Yote, pamoja na lile la watu watatu. Meza ya Fundi inakaa hapa karibu na swichi, rundo lake linakaa pale kwenye ukuta mkavu, na mgeni akija mpeni ndoo, aigeuze, aikalie."